Usiku wa Ijumaa si Ijumaa Usiku

Mimi ni Shomari bin Mwinyimadi. Baba yangu, Mwinyimadi bin Pazi, alizaliwa Kaole, akafia Kaole, wala hakuwahi kufanya kazi ya mtu hata siku moja, jambo alilojivunia mpaka alipofukiwa. Mama yangu, Mwanamvua binti Sefu, alizaliwa Mkange katika Wazigua, akaletwa pwani na ndoa. Mimi nilizaliwa Kaole nyumbani kwa baba, nikafanya kazi ya watu kwa zaidi ya miaka thelathini, na mimi pia najivuna. Majivuno yote mawili yaandike, Zuhura. Usichague moja.

Shule sikuingia. Herufi siijui hata moja. Nikiiona alifu naidhani ni fimbo iliyosahauliwa na mwenyewe. Basi haya yote nayasema kwa kinywa, na mjukuu wangu Zuhura anayatia katika daftari, na kila ukurasa ukijaa atanisomea. Jana aliingia hapa na barua mkononi, akanambia, "Babu, nimepata kazi. Nitakuwa karani wa kuandikisha wafanyakazi." Nilisimama wima bila kushika ukuta, jambo ambalo magoti yangu yalikuwa yamelisahau. Kuandikisha watu! Kazi ile ile niliyoifanya mimi kwa masikio, yeye ataifanya kwa kalamu. Tangu jana moyo wangu unakwenda mbio kama wa mtu anayeoa, na kwa kuwa sitaki furaha hii ipotee bure, nimemwamuru akae kitako aandike. Na ninyi vijana wengine mnaoajiri watu na kuwaachisha, sogeeni. Haya ni yenu pia.

Nilikuwa mnyapara, yaani msimamizi wa watu, katika shamba la katani lililoko upande wa Mkange. Mnyapara wa kawaida husimamia kazi. Mimi nilisimamia watu wenyewe: nani anaingia, kwa masharti gani, amelazwa wapi, ameugua lini, anaondoka vipi. Leo mnaiita kazi hiyo kwa majina makubwa na mnaifanya chini ya feni. Sisi tuliifanya chini ya jua, lakini ilikuwa hiyo hiyo.

Aliyenifundisha ni Mzee Mbaruku, mkubwa wa wanyapara wote. Yeye alikuwa amezionja enzi za Mjerumani, ambapo sheria ya kazi ilikuwa kiboko, na kiboko hakihitaji mkalimani. Alipokuja Mwingereza na sheria zake za karatasi, wanyapara wengi walizicheka. Mbaruku hakucheka. Kila afisa alipofika kuwasomea watu sheria mpya, yeye baadaye alimnunulia karani wa ofisi madafu ili amsomee mara ya pili, na mara ya tatu, mpaka ameimeza yote. Kisha akanipa mimi, kidole kwa kidole, katika mkono wangu wa kushoto.

Gumba ni mtu mwenyewe: jina lake, la baba yake, na kwao. Cha shahada ni kazi: ipi, wapi, chini ya nani. Cha kati ni siku, pamoja na ujira wake na mapumziko yake. Cha pete ni maisha: malazi, posho, dawa. Kidole kidogo ni kuondoka. "Watu wengi huandikisha kwa vidole vinne," alinambia. "Ugomvi wote wa shamba hili umo katika kidole kidogo." Nikimwandikisha mtu nilimshikia vidole hivyo mbele ya uso wake, kimoja kimoja, kwa Kiswahili, kwa Kizigua cha mama yangu, na kwa Kikwere cha kuombea maji. Kwa manamba, watu wa bara walioletwa kwa mkataba, nilimtafuta mwenzao aliyekaa pwani zaidi ya mwaka. Nikimaliza nilisema, "Nirudishie." Naye alitakiwa anirudishie vidole vyote vitano kwa maneno yake mwenyewe. Akinirudishia kwa maneno yangu, nilijua hajaelewa, ameimba tu. Nilianza upya.

Kwa nini hivyo? Kwa sababu watu wetu wana adabu, na adabu humharibia mwajiri kazi. Mwambie mtu wa pwani, "Utalala chumba kimoja na watu sita," atakujibu, "Ndiyo, bwana." Hiyo "ndiyo" yake si kukubali; ina maana nimekusikia, endelea. Ukiandika amekubali, umejidanganya wewe, na wiki ijayo utamkuta analala msikitini.

Jina nalo lina mambo. Kulikuwa na mtu aliyejiandikisha kwa jina la Sijali. Nikaliandikisha. Baada ya miezi miwili alivunjika mguu, tukapeleka habari kwao Kiwangwa kwamba Sijali amevunjika mguu, na kwao wakajibu kwamba hawana mtu wa jina hilo. Mama yake mzazi alikuwapo pale pale, akasema, "Sisi mwanetu ni Ramadhani." Alichelewa siku tisa kumwona mwanawe kwa sababu mimi niliona uvivu wa kuuliza swali la pili. Tangu siku hiyo nikawa nauliza: mama yako akikuita ule, anakuitaje? Hapo jina la kweli hutoka lenyewe, na mara nyingi mwenyewe hucheka.

Kosa langu la kwanza kubwa nililifanya kwa kiburi. Kijana mmoja mkata mkonge alinicheka mbele ya wenzake kwa sababu nilishika karatasi juu chini. Nikamnyang'anya kipande chake, ile kadi ambayo kila siku aliyofanya kazi hutiwa alama, nikakificha ndani ya kofia yangu ili ajue mimi ni nani. Siku tatu alifanya kazi bila alama. Mzee Mbaruku alipopata habari hakunigombeza. Alikuja nyumbani kwangu, tukasalimiana vizuri, akaomba aione kofia yangu, akatoa kile kipande mbele ya mke wangu. "Mwanamke," alisema, "mumeo anatembea na siku za mtu kichwani. Mwambie zitamlemea." Kisha akanipeleka kwa yule kijana, nikakirudisha kwa mikono miwili, na alama tatu zikatiwa hapo hapo. Bibi yako alinikumbusha habari ile kwa miaka ishirini, Zuhura, kila nilipovaa kofia.

Usicheke, wino unadondoka.

Sasa sikilizeni lile nililokusudia hasa. Baada ya vita ya pili shamba lilipata meneja mpya, Mzungu kijana, mkali kidogo lakini si mwovu. Alikuwa amejifunza Kiswahili kwa kitabu huko huko kwao, na kitabu hicho hakikumtoka mfukoni, kwa hiyo watu walimwita Bwana Kamusi. Kiswahili chake kilikuwa safi sana, safi kama sahani ambayo haijatiwa chakula. Alikuwa akinisahihisha hata mimi. Nikisema jambo, yeye hufungua kitabu kutazama kama nina haki ya kulisema.

Kwenye korona, mashine inayokwangua majani ya mkonge mpaka zibaki singa, yaani nyuzi zake, alikuwapo fundi mmoja hodari, Dihenga, Mzigua wa Mkange. Yeye ndiye aliyeilisha mashine majani, na mashine ile ukiilisha vibaya hula mikono. Mke wake, Mwanaisha, alikuwa amejifungua, mzazi wa siku kumi na tisa, analelewa na mkunga wa kambi, Bi. Tatu. Dihenga na mkewe waliishi katika nyumba ya shamba, chumba kimoja na ua wa makuti.

Jumanne moja Dihenga alinijia, akanipa shikamoo, nikamwitikia marahaba, akasema anataka ruhusa. Baba yake alikuwa amekufa, na sasa arobaini inatimia, hitima itasomwa Mkange usiku wa Ijumaa. Nikaenda kwa Bwana Kamusi barazani kwake, nikamweleza kama nilivyoelezwa: Dihenga wa korona anaomba ruhusa usiku wa Ijumaa, ana hitima ya baba yake. Bwana Kamusi akasema ni haki yake, aende, akaandika katika kitabu chake. Nikarudi nikamwambia Dihenga: umeruhusiwa. Kazi ya dakika chache. Nilijiona fundi.

Kesho yake alfajiri nilipanda lori kwenda Vigwaza kuwapokea manamba wapya, na huko nilikaa mpaka Jumamosi.

Ninyi mliozaliwa pwani mmekwisha kujua. Kwetu siku huzaliwa jua linapotua. Magharibi ya Alhamisi ikiadhiniwa, Ijumaa imeingia, na usiku unaofuata ndio usiku wa Ijumaa, usiku wa kisomo. Mtoto wa miaka minne analijua hilo. Basi Alhamisi adhuhuri, king'ora kilipolia, Dihenga alinawa mikono, akawaaga wenzake, akashika njia ya Mkange. Lakini Bwana Kamusi katika kitabu chake alikuwa ameandika Ijumaa jioni, kazi itakapokwisha.

Alhamisi ile alasiri matroli ya majani yalifika korona, yakapangana kama watu wa harusi, na mlishaji hayupo. Majani ya mkonge yaliyokatwa hayangoji; yakilala yanaharibika, na singa yake hutoka na madoa. Mashine ilisimama. Bwana Kamusi akauliza fundi yuko wapi, akajibiwa amekwenda Mkange. Akafungua kitabu chake, akaona Ijumaa jioni, akakifunga. Kwake yeye jambo lilikuwa limekwisha: mtu ametoroka kazini.

Mnapaswa kujua kwamba kwa sheria ya wakati ule utoro haukuwa ugomvi wa mtu na mwajiri wake tu. Mtoro alipelekwa mbele ya hakimu, na hakimu aliweza kumfunga. Dihenga aliporudi Ijumaa baada ya sala, kwa miguu yake mwenyewe, askari wa shamba walimkamata langoni, wakamtia katika ghala la magunia. Mwanaisha akaambiwa nyumba ni ya mfanyakazi, na mumewe si mfanyakazi tena. Jumatatu, Dihenga atakapopelekwa Bagamoyo kortini, yeye na mtoto wahame. Mwanamke mzazi wa siku ishirini na mbili, kwao mbali, na mvua za masika zimeanza.

Mimi nilishuka katika lori Jumamosi asubuhi na manamba wangu, nimefurahi, wote nimewashikia vidole vitano. Bi. Tatu ndiye aliyenilaki. Hakunipa hata salamu. Alisema, "Mnyapara, ulimi wako umemfunga mtu. Nenda kaufungue."

Akanieleza yote. Niliona pale pale kosa lilikuwa wapi. Halikuwa katika kitabu cha Bwana Kamusi. Lilikuwa katika kinywa changu mimi, niliyekuwa nimesimama katikati ya watu wawili wenye siku mbili tofauti, nikapitisha neno kama mtu anayepitisha jiwe, bila kulifungua nitazame ndani. Ningesema usiku wa kuamkia Ijumaa, au Alhamisi baada ya adhuhuri, yote yangenyooka. Na kosa la pili lilikuwa langu pia: sikuweka mtu wa kumshikia nafasi.

Siku ile afisa wa kazi wa serikali alikuwa na ziara yake ya ukaguzi. Alikuwa Mwingereza mtu mzima, mwenye miwani, aliyekaa Tanga miaka mingi. Nikaenda barazani, nikavua kofia, nikasema kwamba sijaja kuomba huruma, naomba jambo moja: mtu huyu asikilizwe kabla hajapelekwa popote, na wasikilizwe wote waliohusika na ruhusa yake. Bwana Kamusi alisema hakuna haja, kitabu kimeandikwa. Afisa akasema haja ipo, akavuta kiti.

Dihenga akaletwa, vumbi la magunia hadi kwenye nyusi. Mwanaisha alikaa chini ya ngazi, mtoto kafunikwa kanga, na Bi. Tatu kasimama nyuma yake kama mlingoti. Wafanyakazi walizunguka baraza.

Bwana Kamusi alinigeukia. "Mnyapara," alisema, "wewe ulimwambia Ijumaa jioni. Sivyo?"

Andika neno hilo kwa herufi kubwa, Zuhura. Sivyo. Neno hilo likiwekwa mwishoni mwa swali ni mkono unaokusukuma mgongoni. Lilikuwa limenipa kila kitu. Nikisema ndiyo, mimi ni mnyapara mwema, meneja ni mwenye haki, na mwenye kosa ni Dihenga peke yake, aliyesikia vibaya. Nilikuwa na watoto sita. Nilikuwa na nyumba ya bati. Nikamtazama Dihenga, naye akatazama sakafu. Hapo nikaelewa kitu kilichonichoma: Dihenga asingenipinga. Mimi nilikuwa mkubwa wake kwa umri, mtu wa kwao kwa upande wa mama, na kumwambia mkubwa mbele za watu kwamba amesema uongo ni jambo asingelifanya. Angekwenda jela kwa adabu.

Sikujibu mara moja. Nataka liandikwe hivyo.

Kisha nikasema, "Hapana, bwana. Nilisema usiku wa Ijumaa."

"Ndiyo. Ijumaa usiku."

"Usiku wa Ijumaa, bwana. Ijumaa usiku ni jambo lingine."

Akatoa kitabu. Akatafuta usiku, akaukuta. Akatafuta Ijumaa, akaikuta. "Maneno yote mawili yamo," alisema, "na ndani yake sioni Alhamisi."

Nikamweleza kuhusu siku kuzaliwa magharibi. Alisikiliza vizuri, nakiri, lakini akatikisa kichwa: siku haiwezi kuanza jioni, maana hakuna mtu anayeanza siku kwa kwenda kulala. Baadhi ya watu walicheka, hata wa kwetu, na nikaona jambo linaniponyoka. Nilikuwa nimebakiwa na imani yangu tu, na imani ya mtu si ushahidi kwa mwenzake.

Ndipo Bi. Tatu alipopanda ngazi bila kuitwa.

"Na Noeli je, bwana?" alisema. "Mimi nimefua nguo za mapadre miaka sita. Usiku wa Noeli walikesha, kengele zikalia, watu wakaimba mpaka mimi mwenyewe nikajua nyimbo, na Noeli yenyewe ilikuwa kesho yake. Walikuwa wamewahi, au nao walikuwa watoro?"

Afisa alivua miwani akaanza kuifuta, na aliifuta kwa muda mrefu kuliko uchafu wake. Bwana Kamusi alitazama kitabu chake. Uso ulimwiva. Lakini aliposema, alisema kweli: kwao nyumbani zawadi hufungwa usiku ule wa kutangulia, na mama yake huuita kwa jina la siku inayokuja. Hakuwa amewahi kulifikiri.

Afisa akamgeukia askari aliyemkamata Dihenga, akamuuliza kama mtu yule alikamatwa akikimbia. Askari akajibu kwamba hapana, alikuwa akija. Amebeba nini? Kikapu. Ndani ya kikapu mna nini?

"Maandazi, bwana. Ya sadaka. Alisema ni ya wenzake wa korona."

"Yako wapi?"

"Nimeyahifadhi, bwana."

"Umeyahifadhi wapi?"

Askari alitazama tumbo lake, na baraza zima likaangua kicheko, Mwanaisha naye, mpaka mtoto akaamka akalia. Ushahidi wa Dihenga ulikuwa umeliwa, lakini kwa kuliwa kule ukathibitika. Afisa akaeleza kwa utulivu kwamba utoro ni nia: mtu ameacha kazi na hana nia ya kurudi. Mtu anayeomba ruhusa, akaacha mke mzazi nyumbani, akarudi siku ya pili na maandazi ya wenzake, huyo anaweza kuwa amekosea siku, lakini hakutoroka. Na hata siku hakuikosea. Dihenga afunguliwe arudi kazini, nyumba ibaki yake, wala asipelekwe mtu kortini kutoka shamba lile kabla hajasikilizwa mbele ya yule aliyempa ruhusa. Kuhusu majani yaliyoharibika na mnyapara aliyepitisha neno, alisema hilo ni la meneja na mnyapara wake, na yeye halimhusu. Akaomba chai.

Vijana, sijui niwaeleze vipi furaha niliyoipata katika sehemu inayofuata, maana ndiyo sehemu niliyoadhibiwa. Jumatatu Bwana Kamusi aliniita. Alinisimamisha mbele yake, akanieleza makosa yangu mawili, moja moja, kisha akauliza, "Una la kusema?" Katika miaka yangu yote ya kazi ilikuwa mara ya kwanza mkubwa kuniuliza hivyo na kisha kunyamaza ili nijibu. Nilisema, "Ninalo. Yote mawili ni kweli." Akanivua unyapara kwa miezi mitatu, akanipeleka kuanika singa kwenye nyaya pamoja na wanawake na wazee. Nilitoka pale nimenyooka. Nilikuwa nimesikilizwa kwanza, kisha nikaadhibiwa, na adhabu ina muda wake na mwisho wake. Mtu akiadhibiwa hivyo hubaki mtu.

Siku ya kwanza kwenye nyaya Dihenga alipita. Akasema, "Shikamoo, mnyapara."

"Marahaba. Mimi si mnyapara tena."

"Basi shikamoo, mwenzangu." Alichukua fungu la singa, akaanika pamoja nami. Halafu akasema, bila kunitazama, "Ulichelewa kujibu."

"Nilichelewa."

"Nilihesabu pumzi. Zilifika kumi na moja."

Alimaliza lile fungu, akaenda zake.

Miezi ile mitatu nilijifunza mengi kuliko miaka kumi ya unyapara. Kwenye nyaya watu husema. Nilisikia kwamba mtu wetu haachi kazi kwa kusema naacha. Atakwambia anakwenda kuwasalimu wazee. Wanawake wale walinifundisha swali la kumuuliza: sufuria inabaki? Ikibaki, atarudi. Ikienda, mpe haki zake na umuage vizuri, maana hutamwona. Nilisikia pia kwamba mama aliyejifungua haombi kupumzishwa, anaona haya. Humtuma mtu aseme anaumwa mgongo. Ukipata maumivu ya mgongo yaliyoletwa na mkunga, usipeleke dawa. Mpe siku zake.

Jioni moja, Jumatatu, Bwana Kamusi alikuja mpaka kwenye nyaya, peke yake, na kitabu chake. Akaniuliza usiku wa leo ni usiku wa siku gani. Nikamwambia ni usiku wa Jumanne. Alitoa kalamu, akaandika pembeni mwa ukurasa. Kisha akauliza maneno mengine yenye mitego ya aina hiyo, tukakaa mpaka inzi wakatuchoka. Miezi ilipotimia alinirudishia unyapara, na kuanzia hapo kila aliyetaka ruhusa alisimama mwenyewe mbele ya meneja, akasema kwa kinywa chake anatoka lini na anarudi lini, jua likiwa wapi, na nani atashika nafasi yake. Mimi nilisimama kando. Kazi yangu ikawa kusikiliza kama wanasema siku moja.

Leo mambo yamegeuka. Kuna chama cha wafanyakazi, kuna kamati, kuna fomu zenye nafasi za kujaza, na mimi nafurahi kwa yote hayo, maana tuliyoyabeba kichwani sasa yamepata pa kukaa. Lakini fomu nayo ni mnyapara. Husimama katikati, hupitisha neno, na haiulizi.

Sasa yako, Zuhura, uliye mjukuu na karani. Daftari hili liweke sandukuni kwa mama yako, mbali na mchwa, na ofisini usiende nalo. Huko ofisini tunza maneno ya mtu kama alivyoyasema, kwa lugha aliyoyasema, kisha tafsiri yako iandike chini yake, ili siku ya ugomvi watu wayaone yote mawili. Ukiwa na kadi ya mtu mkononi, imalize kazi yake uirudishe kabla ya chakula. Mwenye kosa mwite umsikilize, hata kama kosa lake umeliona kwa macho yako. Na kosa likiwa lako, liseme kwa wakati. Mimi nililisema kwa kuchelewa.

Kisha fanya nakala ya kurasa hizi umpelekee Dihenga. Bado yuko Mkange, na yule mtoto wa barazani sasa anasoma shule, atamsomea babaye. Kama kuna neno langu analolikataa, liandike la kwake chini ya langu, na usilipunguze kwa kuwa mimi ni babu yako. Usimuulize kama yote ni kweli. Muulize ilikuwaje, halafu nyamaza umwache aseme.